KUMSAILI MWOMBA KAZI
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Kamati ilitutaka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kulitazama laonekana dogo, nalo ni namna ya kumsaili mtu ajaye kuomba kazi kwetu. Mtu aweza kuuliza, "Jambo hilo nalo lina elimu gani? Mwite, mtazame, mwulize ni mtoto wa nani, kisha umpe kazi au umrudishe kwao." Sisi nasi tulidhani hivyo. Leo tumekuja kuwaeleza yaliyotupata kwa kudhani hivyo, na hayo tuliyojifunza baadaye.

Vyama vya kusaidiana kama hiki chetu vilianza nyakati za baba zetu na babu zetu. Mtu alipotoka Samia, Bunyala, Marachi, Bukhayo au Teso akaenda Kisumu, Nakuru, Nairobi au Mombasa kutafuta riziki, watu wa kwao ndio waliompokea. Walimwonyesha pa kulala, walimwuliza huku na huku habari za kazi, na alipofikwa na mauti walichanga fedha akarudishwa nyumbani azikwe. Siku hizo sote tulikuwa waombaji. Hatukuwa na cha kumpa mtu ila ushauri na sahani ya ugali.

Leo mambo yamegeuka. Miongoni mwa wanachama walioketi hapa, kutoka Rukala hata Busia na Malaba, wamo wenye maduka, wenye mashine za kusaga posho, wenye nyumba za wageni, wenye malori, wenye shule za watoto wadogo, mawakala wa forodha walioko mpakani, na wenye vibanda vya kutuma na kupokea fedha kwa simu. Karibu kila mmoja wao amekwisha kuandika mtu kazi. Mlango ambao zamani tuliupigia hodi, sasa sisi ndio tunaoufungua. Basi yatupasa kujiuliza: je, twaufungua kwa haki?

Tutaanza na habari yetu wenyewe, maana si vyema kumfundisha mtu kuosha uso na wako una vumbi.

Miaka kadhaa iliyopita, sisi wachache tulioshirikiana katika ghala la mahindi tulihitaji karani wa kupima magunia, kuandika yaliyoingia na yaliyotoka, na kutoa stakabadhi. Waombaji watano walikuja siku moja. Wa kwanza kuitwa alikuwa mtoto wa dada ya mmoja wetu. Alivaa suti safi, alisema Kiingereza kizuri, tena alitusalimu kwa adabu. Tulizungumza naye muda wa robo saa. Tulimwuliza habari za nyumbani, tukamwuliza alisoma wapi, tukacheka pamoja kwa habari za mpira. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza neno moja juu ya mizani wala juu ya daftari. Alipotoka tulitazamana, tukasema, "Huyu ndiye."

Waliobaki wanne tuliwaita kwa desturi tu. Wa mwisho alikuwa msichana, mtoto wa mama mjane anayeuza omena. Alikuwa amekaa nje tangu asubuhi mpaka saa tisa. Mkononi alishika daftari la shule ambalo ndani yake, kama tulivyokuja kujua baadaye, alikuwa ameandika mauzo ya mama yake kila siku kwa muda wa miaka miwili. Alitaka kutuonyesha. Tulimwambia nafasi imekwisha kupata mtu, naye akatuambia asante, akaenda zake. Daftari lile hatukulifungua.

Mwezi wa nane wa kazi ya yule kijana wetu tulihesabu ghala. Magunia arobaini hayakuonekana. Kwanza tulidhani ni wizi, na maneno mabaya yakasemwa baina ya ndugu na ndugu. Lakini tulipochunguza tukaona kwamba kijana hakuwa mwizi. Hakujua kuandika daftari la ghala, basi. Malori yalipokuja mawili matatu kwa wakati mmoja, alipakia kwanza, akaandika usiku kwa kukumbuka. Aliona aibu kutuambia kwamba hajui, nasi hatukupata kumwuliza kama anajua. Tulimpoteza karani, tukapoteza mahindi, na dada ya mwenzetu alikaa miaka miwili bila kukanyaga nyumbani kwa ndugu yake. Majuto ni mjukuu.

Na yule msichana? Leo ni mwenye kutunza hesabu za mfanyabiashara mmoja ng'ambo ya mpaka. Tupelekapo mahindi yetu kuuza huko, yeye ndiye apimaye, yeye ndiye atuandikiaye stakabadhi. Hajapata kukosea hata kilo moja.

Basi, ndugu zetu, tulijiuliza tulikosea wapi. Tuliona makosa matatu. Hatukujua kwa hakika twatafuta mtu wa namna gani. Tulimpenda mtu kwa kuwa amefanana nasi. Na tulihukumu kazi ambayo hatukuiona ikifanywa.

Makosa haya si yetu peke yetu. Mwaka 1920 mtaalamu wa Marekani, Edward Thorndike, alieleza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima watu walio chini yao. Aliona kwamba ofisa akimwona mtu kuwa mzuri kwa jambo moja, humhesabu kuwa mzuri kwa mambo yote, hata yale asiyoyajua. Wahenga wetu hawakungoja mwaka 1920. Walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ile suti safi ilitufumba macho tusione mizani.

Kadhalika mwaka 1998 wataalamu wawili, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya uchunguzi uliofanywa kwa muda wa miaka 85 juu ya njia za kuchagua wafanyakazi. Walizipima kwa kipimo cha kutoka 0, maana yake njia haifai kitu, mpaka 1, maana yake haikosei kamwe. Usaili wa mazungumzo tu ulipata 0.38. Usaili uliotengenezwa mbele, ambao kila mwombaji huulizwa maswali yale yale, ulipata 0.51. Kuhesabu tu miaka ambayo mtu amefanya kazi kulipata 0.18. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliyarudia mahesabu hayo wakaona mengi yalikuwa yamezidishwa. Usaili wa mazungumzo ulishuka mpaka 0.19, lakini ule wa maswali yaliyotengenezwa ulipata 0.42, ukawa wa kwanza katika njia zote. Hata hivyo 0.42 haijafika hata nusu. Maana yake ni kwamba mwajiri mwenye bidii naye hukosea mara nyingi, na mwajiri asiye na bidii hucheza bahati nasibu.

Kabla hatujasema la kufanya, twaomba ruhusa tukumbushe jambo moja la kale. Wazee wamo humu ambao baba zao walivaa kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwanamume alibeba karatasi yake katika kijaluba cha chuma, akakitundika shingoni. Ndani yake palikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na habari za bwana aliyemwandika kazi na siku aliyomwacha. Harry Thuku na wenzake waliipinga sheria hiyo kwa nguvu katika mwaka 1921 na 1922. Jambo tulitakalo mkumbuke ni hili: katika kijaluba kile lilikuwamo neno la bwana juu ya mtumishi, lakini neno la mtumishi mwenyewe halikuwamo. Hakuna aliyemwuliza, "Wewe wajua kufanya nini?" Usaili wa haki ndio hiyo nafasi ambayo baba zetu hawakupewa. Sisi tukimwita kijana, tukamtazama viatu, tukauliza ukoo wake, tukamwondoa, tumemvalisha kijaluba kingine.

Sasa twaja kwenye kazi yenyewe, nasi tutaieleza hatua kwa hatua.

Kwanza, kabla ya kumwita mtu yeyote, iandike kazi. Chukua karatasi moja. Andika mambo matano au sita ambayo mtu huyo atayafanya kila siku. Kwa karani wa ghala tungeliandika hivi: kupima kwa mizani, kuandika yaingiayo na yatokayo saa ile ile, kutoa stakabadhi, kuhesabu fedha za Kenya na za Uganda, kusema na madereva wenye haraka bila ugomvi. Utakapoyaona maneno hayo utafahamu kwamba Kiingereza kizuri hakimo, na suti haimo. Andika pia mshahara na saa za kazi, maana mwombaji naye anachagua.

Pili, tangaza wazi. Tangazo likibandikwa sokoni, kanisani, msikitini, kwa chifu na katika ofisi ya chama, litafika kwa watoto wa wajane. Likinong'onwa mezani kwetu, halitatoka nje ya nyumba zetu.

Tatu, yatengeneze maswali mbele, na umwulize kila mwombaji yale yale, kwa utaratibu ule ule. Wengine watasema huu ni ukavu. Sivyo. Wakimbiaji wawili ukiwatuma kwa njia mbili mbalimbali, huwezi kujua nani ana mbio.

Maswali yaliyo bora ni yale yanayouliza juu ya vitendo vilivyokwisha kutendwa. Ukimwuliza kijana, "Je, wewe u mwaminifu?" atajibu ndiyo, na mwizi naye atajibu ndiyo. Lakini mwambie, "Tueleze siku moja ulipokuwa na fedha za mtu mwingine mkononi, zikapungua. Ulifanya nini?" Hapo utasikia habari yenye mahali, saa na watu, au utasikia maneno matupu. Akikwama usimkimbize, mwulize tena taratibu: "Kisha ikawaje? Ulimwambia nani?" Mkweli huongeza habari, mwongo huongeza sifa.

Wala tusimdharau mtu kwa kuwa hajapata kuajiriwa. Neno bodaboda, ambalo leo lajulikana Afrika ya Mashariki yote, lilizaliwa hapa petu, kwa vijana waliobeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Kijana aliyeendesha bodaboda miaka mitano hana cheti cha kazi hiyo. Lakini amebeba mizigo ya watu wasiomjua ikafika, amegombana na wateja akapatana nao, ameweka akiba ya tairi. Mwulize hayo. Na mama aliyelea watoto sita kwa kibanda cha mboga amekuwa mweka hazina kwa muda mrefu kuliko wengi wetu.

Nne, ione kazi ikifanywa. Hili ndilo lingalituokoa. Mpe mwombaji mizani na magunia matatu, ayapime na kuyaandika. Mwombaji wa dukani mpe fedha zilizochanganyika, shilingi za Kenya na shilingi za Uganda, mwambie bei ya kubadilisha ya siku hiyo, kisha umwombe amrudishie mnunuzi chenji. Mwombaji wa ualimu wa watoto wadogo mpe watoto kumi kwa dakika ishirini. Mwombaji wa upishi apike. Majaribio yawe mafupi, na yawe sawa kwa wote. Usiwafanyishe watu kazi ya siku nzima bure kwa jina la majaribio, maana huo ni unyang'anyi.

Tano, wasaili wawe watatu, wala si mmoja, na ikiwezekana mmoja wao awe mwanamke. Kila mmoja awe na karatasi yake, na kwa kila swali aandike alama, tangu 0 mpaka 5, kabla hajasema neno na mwenziwe. Wazee wetu watusamehe kwa tutakalolisema sasa. Katika desturi yetu mzee akisema kwanza, wadogo hunyamaza au humfuata. Ni desturi njema katika mambo mengi, lakini katika kutoa alama yaharibu kazi, kwa sababu macho sita huwa macho mawili. Kwa hiyo alama na ziandikwe kwanza, halafu mdogo aseme kwanza na mzee aseme mwisho. Hapo mzee atakuwa amesikia yote, na hukumu yake itakuwa nzito zaidi.

Sita, mpokee mwombaji kama mgeni. Mwambie saa, na uishike saa hiyo. Mpe kiti na maji. Mwambie wasaili ni akina nani na mazungumzo yatachukua muda gani. Msaili kwa lugha ambayo kazi itafanywa kwayo. Ikiwa kazi ni ya Kiswahili, usimnase kwa Kiingereza. Msaili mzuri husema kidogo. Usaili ni saa ya mwombaji kusema, si saa ya mwajiri kujisifu. Na mwisho umpe nafasi naye aulize, kwa maana maswali yake yatakuonyesha kama ameifikiri kazi au ameufikiri mshahara tu.

Saba, yako maswali yasiyoulizwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, yakataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, jinsia, lugha, dini, siasa, taifa, kabila au asili yake, ulemavu, ujauzito, hali ya akili au hali ya virusi vya Ukimwi. Katazo hilo lahusu hata wakati wa kuandika watu kazi, wala halingoji mtu awe amekwisha kuingia. Kwa hiyo usimwulize msichana kama ana mimba au ataolewa lini. Ukitaka kujua kama aweza kufika saa kumi na mbili asubuhi, mwulize yeye kama umwulizavyo mwanamume: "Kazi huanza saa kumi na mbili. Waweza?" Wala usimwulize mtu ni wa ukoo gani. Kaunti yetu ya Busia ina Wateso, Wasamia, Wakhayo, Wamarachi, Wanyala, Wajaluo na wengine. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaitaka kila kaunti ihakikishe kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zapewa watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti hiyo. Sheria hiyo ni ya serikali, haimlazimishi mwenye duka. Lakini duka lenye wauzaji wa lugha moja, katika mji wenye lugha saba, lajinyima wanunuzi lenyewe.

Tena kwetu liko jambo la mpaka. Waingereza walipolihamisha jimbo la mashariki la Uganda mwaka 1902, Wateso na Wasamia walijikuta pande zote mbili. Hivyo ndugu kutoka ng'ambo akija kuomba kazi huku si ajabu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, ilikubali wafanyakazi wavuke. Hata hivyo vibali vipo, na mwajiri hana budi kuuliza katika ofisi ya Uhamiaji kabla hajamweka mtu kazini. Kumweka ndugu bila karatasi si kumsaidia. Siku atakayodhulumiwa hatakuwa na pa kushtaki.

Nane, ulizia habari zake, lakini uliza vizuri. Barua ya sifa yaweza kuandikwa na yeyote. Sheria ile ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe kila aachaye kazi cheti cha utumishi, ikiwa alifanya kazi si chini ya majuma manne mfululizo. Cheti hicho huonyesha kazi aliyoifanya na siku alizoanza na kumaliza, wala hakimlazimishi mwajiri kumsifu wala kumlaani. Kiombe hicho. Kisha mpigie simu bwana wake wa zamani, umwulize swali moja: "Je, ungemwandika tena?" Na tangu mwaka 2022 sheria yataka vile vyeti vya kibali vya serikali vidaiwe baada ya mtu kuahidiwa kazi, visidaiwe kwa kila mwombaji. Ni haki, kwa maana tulikuwa tukiwatoza maskini gharama za karatasi kwa kazi ambayo wengi wao hawangeipata.

Tisa, tusiuze kazi. Mwajiri hupoteza kila kitu siku mtumishi wake anapomwambia mwombaji, "Lete cha chai, nitalisukuma jina lako." Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 yahesabu jambo hilo kuwa kosa, hata katika kampuni za watu binafsi. Tena aliyenunua kazi ataanza kurudisha fedha yake siku ya kwanza, na atairudisha kutoka katika sanduku lako.

Sasa twafika mahali pagumu, nalo ni jambo la ndugu. Tusidanganyane. Wengi wetu humu tumewahi kuandika kikaratasi: "Huyu ni mtoto wetu, mwangalie." Na mzee atasema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kama ni kuibiwa, bora niibiwe na wangu." Twalifahamu neno hilo, na hatuwacheki walisemao. Ndugu ndio waliotusomesha. Mtu awezaje kumkatalia mtoto wa dada yake?

Jibu letu ni hili. Ndugu asifukuzwe mlangoni. Aombe kama wengine, aulizwe kama wengine, apime magunia kama wengine. Lakini yule aliye jamaa yake aseme wazi, "Huyu ni wangu," kisha atoke nje wenziwe wamsaili. Akishinda, ataingia kazini na kichwa juu, na hakuna atakayemnong'ona. Akishindwa, mjomba wake hatakuwa na lawama, kwa kuwa hakuwamo. Laiti tungalifanya hivyo, yule kijana wetu angaliambiwa mapema, "Mwanangu, daftari hulijui bado, nenda ukajifunze miezi mitatu, urudi." Huko ndiko kumsaidia ndugu. Sisi tulimpa kazi asiyoiweza, tukamwacha azame mbele ya watu. Na yule mama mjane naye ana ndugu. Ndugu zake ni sisi, maana ni mwanachama wa chama hiki.

Kumi, mkikwisha kuchagua, malizeni vizuri. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yataka mkataba wa maandishi, nayo ni kazi ya mwajiri kuuandika. Muda wa kujaribiwa usizidi miezi sita, ila kwa makubaliano na mfanyakazi mwenyewe. Na wale ambao hawakupata, wajulisheni. Ujumbe wa simu hauna gharama kubwa: "Twakushukuru kwa kuja. Safari hii tumemchukua mwingine. Hesabu zako zilikuwa nzuri, jitahidi katika kuandika stakabadhi." Kijana aliyekaa mwezi mzima akitazama simu isiyolia ataliweka jina lako moyoni, na siku moja atalitaja.

Bwana Mwenyekiti, tuna ombi moja la kulimaliza neno hili. Tumesikia katika taarifa ya mwaka kwamba chama chataka karani mpya wa kutunza michango ya maziko na ya karo za watoto. Fedha hizo ni jasho la wajane, za wavuvi, za wapagazi wa mpakani. Twauomba mkutano huu ukubali mambo manne kabla ya karani huyo kuchaguliwa: kazi iandikwe na kutangazwa wazi, wasaili wawe watatu na maswali yawe yale yale, kila mwombaji aandike mbele yetu ukurasa mmoja wa hesabu, na yeyote kati yetu mwenye jamaa katika waombaji aseme, kisha atoke. Sisi tunaosema nanyi sasa tutakuwa wa kwanza kutoka, kwa kuwa tunaye mtoto wetu atakayeomba.

Juma lililopita tulipeleka mahindi ng'ambo. Yule binti alitupimia, akatuandikia, akatupa stakabadhi kwa mikono miwili kama apewavyo mkubwa. Tulitaka kumwambia neno juu ya siku ile, lakini nyuma yetu palikuwa na foleni ya malori, naye alikuwa amekwisha kumwita dereva aliyefuata. Basi tumelisema kwenu badala yake.